Mota ya umeme katika joto la Mutrah: ni programu ipi ya kompyuta ifaayo kuisanifu?

Programu za kompyuta za kusanifu mota na jenereta za umeme zimekuwa nyingi, na baadhi yake hutolewa bure. Lakini mota itakayofanya kazi katika Bandari ya Sultan Qaboos, mjini Muscat, ina swali lake ambalo si kila programu hulijibu: je, itastahimili joto?

Mwezi Juni mwaka 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat ulioko kusini-mashariki ya Muscat, vipimo vya hali ya hewa vilionyesha jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa mahali pengine. Kwa muda wa saa 24 kamili, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Mchana mkali si habari kwa watu wa Oman. Habari ilikuwa usiku, ambao haukuleta nafuu yoyote.

Kwa mwanadamu, usiku wa namna hiyo ni wa kukosa usingizi. Kwa mota ya umeme una maana nyingine. Kanuni nambari 60034 ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, inayofuatwa katika nchi nyingi duniani, huchukulia kwamba hewa inayoizunguka mota haizidi nyuzi 40, na kwamba mota haitumiki mahali palipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha nguvu kilichoandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota kimejengwa juu ya dhana hizo mbili, isipokuwa kama mtengenezaji ameandika vinginevyo. Quriyat ilivuka dhana ya kwanza usiku kucha. Nairobi, yenye takriban mita 1,700, imeivuka ya pili tangu siku mji ulipojengwa.

Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo linapoanzia suala la programu za kusanifu mota. Programu hizo zimetungwa Japani, Canada, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Zinajua mengi kuhusu sumaku, shaba na chuma. Hazijui mota itafungwa wapi, mpaka mtu aziambie.

Bandari ya Sultan Qaboos iko Mutrah, chini ya ngome ya zama za Wareno na mbele ya soko la kale. Ilifunguliwa mwaka 1974, miaka minne baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka, na kwa miaka arobaini ilikuwa lango kuu la bidhaa zilizoingia katika mji mkuu wa Oman. Mwaka 2014 shughuli za makontena na shehena za kibiashara zilihamishiwa Sohar, upande wa kaskazini-magharibi, na Mutrah ikabaki kuwa mahali pa meli za watalii, majahazi na boti za wavuvi. Soko jipya la samaki lilifunguliwa jirani yake mwaka 2017. Mzungumzaji wa Kiswahili hawi mgeni kabisa hapo. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalifuata kaskazi hadi Mombasa na Unguja, na familia nyingi zilizohamia Oman kutoka Zanzibar na bara baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, hazikukiacha Kiswahili njiani.

Katika maji ya bandari hiyo ncha mbili za ufundi wa mota hukutana. Ya kwanza ni meli kubwa ya watalii. Nyingi kati ya meli hizo haziendeshwi na injini za dizeli moja kwa moja. Injini huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huo huzungusha mota zilizoungwa na rafadha, ambayo wengine huiita panga boi. Taa za vyumba, majokofu ya jikoni na mitambo ya kupoza hewa hupata umeme kutoka jenereta hizo hizo.

Mfano maarufu wa mpango huo hauko mbali na Muscat. Meli ya Queen Elizabeth 2 imekuwa Dubai tangu mwaka 2008, na mwaka 2018 ilifunguliwa kuwa hoteli. Kati ya mwaka 1986 na 1987, huko Bremerhaven, Ujerumani, mitambo yake ya mvuke ilitolewa, na mahali pake zikawekwa injini tisa za dizeli na mota mbili za umeme, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 44. Mota za ukubwa huo husanifiwa na makampuni yenye idara nzima za wahandisi, kompyuta kubwa na kumbukumbu za vipimo vya miaka mingi.

Ncha ya pili ni boti ya faiba ya mvuvi, yenye injini ya kupachika inayotumia petroli. Chukulia kwamba warsha ndogo inataka kumtengenezea mvuvi wa Mutrah mota ya umeme ya kilowati 10 badala ya injini hiyo. Warsha yenyewe ni ya kuwaza tu, lakini maswali yake ni ya kweli, na hayatofautiani na ya fundi wa Dar es Salaam, Kampala au Kisumu anayetaka kutoka katika kusuka mota zilizoungua na kuingia katika kuunda mpya. Warsha haina idara ya wahandisi. Ina fundi mmoja au wawili, kompyuta ya kawaida, na fedha ambazo zikitumika vibaya mara moja hazirudi. Na mota ikizimika mbali na pwani, mvuvi wa leo hana tanga la akiba.

Hesabu ya mwanzo haihitaji programu yoyote. Mota ya kilowati 10 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni-mita 64. Ikiwa mota hiyo inageuza kuwa kazi asilimia 90 ya umeme inaoupokea, wati 1,100 hivi hupotea kama joto ndani ya kasha lake. Hilo ni joto la pasi ya nguo iliyoachwa ikiwaka ndani ya sanduku la chuma lisilo na tundu. Ufanisi ukipanda hadi asilimia 95, joto hilo hushuka hadi wati 530 hivi. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ya mauzo, ya asilimia tano tu, ndani ya mota ni nusu ya joto lote.

Kabla ya kompyuta, wasanifu walitegemea kanuni za hesabu zilizorahisishwa na uzoefu wa kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Peter Silvester wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Canada, pamoja na M. V. K. Chari, walionyesha jinsi ya kukokotoa uga wa sumaku ndani ya mashine za umeme kwa kuigawa picha ya mashine katika pembetatu ndogo ndogo, kila pembetatu ikipewa mlinganyo wake, kisha kompyuta ikiachiwa kuitatua milinganyo yote kwa pamoja. Sehemu zenye mambo mengi, kama vile pengo jembamba la hewa kati ya rota inayozunguka na stata isiyozunguka, hupewa pembetatu nyingi. Sehemu tulivu hupewa chache. Mbinu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa programu nyingi zinazouzwa leo.

Hata hivyo, si zote zinazofanya kazi hivyo. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, maabara iliyoongozwa na T. J. E. Miller ilianza kazi ya programu zilizojulikana kwa jina la SPEED. Hizo zilitumia kanuni za hesabu za moja kwa moja, na kwa hiyo zilitoa jibu kwa muda mfupi mno. Msanifu aliweza kujaribu maumbo mia moja kabla ya chakula cha mchana. Programu za pembetatu huchukua muda mrefu zaidi kwa kila jaribio, lakini huona mambo ambayo kanuni rahisi haziyaoni: pembe ya jino la stata inayoshiba sumaku kabla ya sehemu nyingine, au uga unaovuja kwenda mahali usikotakiwa.

Kwa warsha ya Mutrah, hatua hizo mbili zinapatikana bila malipo. Programu ya FEMM, iliyotungwa na Mmarekani David Meeker, hutolewa bure na imetumiwa kwa zaidi ya miaka ishirini na wanafunzi na wahandisi duniani kote. Hukokotoa uga wa sumaku katika mkato bapa wa mota, yaani kama vile mota imekatwa kama mkate na kutazamwa kwa mbele. Kwa mota ndefu kiasi, yenye umbo lile lile kuanzia mwanzo wa chuma hadi mwisho wake, mkato huo unatosha kwa kazi nyingi. Upungufu wake uko wazi pia. Haioni ncha za nyaya zinazochomoza nje ya chuma, na haiizungushi rota yenyewe. Msanifu hulazimika kuandika maelekezo mafupi ya kuisogeza rota hatua kwa hatua na kukokotoa upya kila mara. Zipo nyingine za bure, kama Elmer kutoka Finland, Gmsh na GetDP kutoka Liège nchini Ubelgiji, na Pyleecan kutoka Ufaransa, ila hizo zinamtaka mtumiaji awe na subira na ujuzi zaidi wa kompyuta.

Programu za kibiashara, kama JMAG ya Japani, Maxwell, Flux, Opera au MagNet, hutoa pia hesabu katika pande tatu. Je, warsha inazihitaji? Inategemea umbo la mota. Iwapo warsha imechagua mota bapa, ambayo rota na stata yake hutazamana kama sahani mbili, mkato mmoja hauwezi kuieleza, na hesabu ya pande tatu inakuwa na maana. Iwapo imechagua umbo la kawaida la mcheduara, kununua programu ya pande tatu kwanza ni kulipia kitu ambacho kitatumika mara chache. Ni haki kusema kwamba picha za rangi nyekundu na buluu zinazotolewa na programu hizo zimewashawishi wengi kununua kabla ya kujiuliza walikuwa wakitafuta jibu la swali gani.

Na swali la Mutrah si la sumaku kwanza. Ni la joto.

Nyaya za shaba ndani ya mota hufunikwa kwa vanishi na karatasi za kuzuia umeme usivuje. Vitu hivyo hupangwa kwa madaraja: daraja B kwa nyuzi 130, F kwa nyuzi 155, H kwa nyuzi 180. Tangu mwaka 1930, wahandisi wametumia makadirio kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kiwango hupunguza umri wa kizuizi hicho kwa takriban nusu. Mota ya daraja F iliyosanifiwa kwa hewa ya nyuzi 40 inaruhusiwa kupanda nyuzi 105 juu ya hewa hiyo, zikibaki nyuzi 10 za tahadhari. Hewa ndani ya boti iliyofunikwa, juani, ikiwa nyuzi 50, ruhusa hiyo inashuka hadi nyuzi 95. Kwa kuwa joto la shaba huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme, mkondo unaoruhusiwa unapungua kwa karibu asilimia 5. Hilo si pigo kubwa kwa aliyelijua mapema. Asiyelijua ataiendesha mota kwa mkondo ule ule, na badala ya miaka kumi ataipata mitano.

Wengine watauliza: kwa nini mota isipozwe kwa maji ya bahari, kwa kuwa bahari iko chini ya boti? Swali ni zuri, na meli kubwa hufanya hivyo. Lakini kanuni za mashirika yanayokagua meli huchukulia maji ya bahari ya nyuzi 32 na hewa ya chumba cha injini ya nyuzi 45. Bahari ya Oman wakati wa kiangazi hukikaribia kikomo hicho cha maji, na katika Ghuba, upande wa pili wa Mlango wa Hormuz, hukivuka. Maji husaidia, ila hayaleti baridi ya Norway, na chumvi yake ina madai yake kwa kila bomba na kila bolti.

Sumaku za kudumu ndizo zinazotia wasiwasi zaidi. Mota nyingi ndogo za kisasa hutumia sumaku za neodimiamu, chuma na boroni, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani kwa wakati mmoja. Nguvu ya sumaku hizo hupungua kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 120, hiyo ni asilimia 12, na mota ikipoa nguvu hurudi. Lakini kuna mpaka ambao sumaku ikiuvuka, hasa wakati mkondo mkubwa unapopita katika nyaya, haipati tena nguvu yake yote hata ikipoa. Mvuvi ataona tu kwamba boti haina kasi kama ya mwezi uliopita.

Sumaku nazo huuzwa kwa madaraja. Zile za kawaida hustahimili nyuzi 80 hivi, na za juu zaidi hufika 150, 180 hata 200. Tofauti hiyo kwa kawaida hutokana na kuongezwa madini adimu ya disprosiamu au tabiamu, na hapo bei hupanda. Mwezi Aprili mwaka 2025 China, ambayo ndiyo mzalishaji mkuu, iliweka masharti ya vibali kwa usafirishaji wa madini hayo nje ya nchi. Kwa hiyo msanifu anayekosea kwa nyuzi 20 upande mmoja anaharibu sumaku, na anayekosea kwa nyuzi 20 upande wa pili analipia madini ambayo hakuyahitaji na ambayo huenda asiyapate.

Hivyo basi, programu inayokokotoa sumaku kwa ustadi wote lakini inamwacha msanifu akisie joto, imejibu nusu ya swali. Ndiyo sababu programu ya Motor-CAD, iliyoanza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipata wateja upesi: ilianzia kwenye joto. Huichukulia mota kama mtandao wa njia ambazo joto hupitia, kutoka shaba hadi chuma, kutoka chuma hadi kasha, kutoka kasha hadi hewa au maji, na kila njia hupewa kiwango chake cha ugumu wa kupitisha joto. Hesabu ya aina hiyo, katika sura yake rahisi, inaweza pia kufanywa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta na mtu mwenye subira. FEMM nayo ina sehemu ya kukokotoa mtiririko wa joto, ingawa mtumiaji hulazimika kuiunganisha mwenyewe na ile ya sumaku.

Ugumu ni kwamba njia hizo za joto hazijulikani vizuri kabla mota haijatengenezwa. Stata ikishindiliwa ndani ya kasha la alumini, hubaki nafasi ya hewa ya sehemu chache za mia za milimita kati ya viwili hivyo. Nafasi hiyo haionekani kwa macho, lakini hewa ni mpitishaji mbaya sana wa joto, na inaweza kupandisha joto la nyaya kwa nyuzi kadhaa. Kadhalika, vanishi isipojaza vizuri nafasi kati ya waya na waya, joto hukwama ndani. Hakuna programu inayoweza kujua jinsi fundi fulani anavyomimina vanishi yake.

Jambo kama hilo liko kwenye chuma. Mabati membamba yanayopangwa kuunda stata huuzwa kwa majina kama M400-50A, na jina hilo ni maelezo: unene wa nusu milimita, na upotevu usiozidi wati 4 kwa kila kilo, uga ukiwa tesla 1.5 na umeme ukibadilika mara 50 kwa sekunde. Mota ya mfano wa Mutrah, ikiwa na ncha nane za sumaku na ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hubadilisha uga wake mara 100 kwa sekunde. Namba iliyoandikwa kwenye jina la bati haihusu hali hiyo. Isitoshe, bati likikatwa kwa mashine na kubanwa, kingo zake huharibika na upotevu huongezeka. Programu itaonyesha upotevu huo kwa tarakimu sita baada ya nukta, huku tarakimu ya kwanza yenyewe ikiwa na shaka.

Kuna pia mambo ambayo programu za sumaku hazikuundwa kuyaona kabisa. Meli ya Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, ina mota nne za takriban megawati 21.5 kila moja, zilizofungwa ndani ya vyombo vinavyoning'inia chini ya meli, majini. Zilizoleta shida si nyaya wala sumaku. Ni beringi zinazopokea msukumo wa rafadha, zilizoharibika mara kwa mara. Mgogoro huo ulifika mahakamani nchini Marekani, na mwezi Januari mwaka 2011 kampuni ya Carnival, mmiliki wa meli, ilipewa fidia ya takriban dola milioni 24 dhidi ya Rolls-Royce. Kwa mota ya mvuvi kiasi ni kidogo, lakini rafadha inasukuma vile vile, na hesabu ya beringi inabaki kufanywa pembeni, kwa kitabu cha mtengenezaji wa beringi.

Upande wa biashara haufai kurukwa. Programu za kulipia kwa kawaida hukodishwa kwa mwaka, na bei mara nyingi haitangazwi. Hujadiliwa na kila mteja. Na wenye programu hubadilika. Ansys iliinunua Ansoft, iliyokuwa na Maxwell, mwaka 2008, na ikainunua kampuni ya Motor-CAD mwaka 2022. Mwaka 2025 Ansys yenyewe ikanunuliwa na Synopsys. SPEED ya Glasgow ilichukuliwa na CD-adapco mwaka 2011, nayo ikachukuliwa na Siemens mwaka 2016. Flux ya Grenoble ilikwenda kwa Altair mwaka 2016, na Altair ikaingia Siemens mwaka 2025. Opera, iliyozaliwa Oxford, iko mikononi mwa Dassault ya Ufaransa tangu mwaka 2018. Mota ya boti inatarajiwa kuishi miaka kumi au zaidi. Warsha itakayotaka kuirekebisha mota hiyo mwaka wa saba inaweza kukuta jalada lake la kompyuta halifunguki bila leseni mpya kutoka kampuni yenye jina jipya. Kuhifadhi vipimo vyote vya umbo, idadi ya mizunguko ya waya na aina ya bati katika daftari la kawaida hakugharimu kitu.

Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Wahandisi wa Makerere walionyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mjini Kampala mwaka 2011. Mjini Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na ambayo baadaye ilijiita Roam, imekuwa ikiunda pikipiki za umeme. Nairobi haina joto la Muscat, lakini kwenye kimo chake hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na hewa nyepesi huchukua joto kidogo. Programu iliyoachwa na namba zake za kiwandani itaipoza pikipiki ya Nairobi kwa hewa ya Mombasa.

Warsha ichague vipi, basi? Njia ya kuaminika zaidi haianzi kwa kulinganisha orodha za sifa. Inaanza kwa mota ambayo tayari iko mezani. Fundi anayesuka mota anaijua kazi hiyo: aifungue, ahesabu mianya ya stata na mizunguko ya waya, apime unene wa waya, urefu wa chuma na ukubwa wa pengo la hewa, aangalie sumaku zake. Vipimo hivyo viingizwe katika kila programu inayofikiriwa, iwe ya bure au ya majaribio ya siku thelathini. Kisha mota ifungwe tena, izungushwe kwa mashine ya kerezo bila kuunganishwa na umeme, na volti inazozitoa zipimwe kwa mita ya kawaida. Programu iliyotabiri volti hizo kwa tofauti ndogo inajua sumaku za mota hiyo. Iliyokosea sana ina kasoro, au, na hivi ndivyo inavyokuwa mara nyingi, imepewa data isiyo sahihi ya chuma au sumaku.

Joto nalo linapimika bila kutoboa mota. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Tuseme nyaya zilipimwa ohmu 5.00 asubuhi, mota ikiwa baridi kwa nyuzi 25, na baada ya saa tatu za kazi, mara tu ilipozimwa, zikapimwa ohmu 6.90. Hesabu fupi inaonyesha kwamba wastani wa joto la shaba ulikuwa karibu nyuzi 124. Ikiwa programu ilisema 95, si lazima itupwe. Hubadilishwa namba ya ile nafasi ya hewa na ya vanishi, mpaka hesabu ikubaliane na kipimo, na kuanzia hapo programu hiyo inakuwa imeijua warsha hiyo na mikono ya mafundi wake. Programu isiyomruhusu mtumiaji kuziona na kuzibadilisha namba hizo, hata ikiwa ghali na yenye sifa nyingi, haifai kwa kazi hii.

Kwa mota ya mvuvi wa Mutrah, yenye umbo la kawaida, jibu linaelekea kuwa la gharama ndogo: hesabu za mkono za kuanzia, FEMM kwa sumaku, jedwali la joto lililosahihishwa kwa vipimo, na leseni ya kukodi ya muda mfupi ya programu kubwa baadaye, kwa ajili ya kukagua muundo wa mwisho kabla ya kuagiza sumaku. Fedha iliyobaki hutosha kutengeneza mota ya pili ya majaribio.

Majaribio yenyewe yana msimu wake. Meli za watalii hujaa Mutrah kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati hewa ni ya kupendeza, na huo ndio wakati ambao kila mota hufanya kazi vizuri. Mota iliyopimwa Januari, hewa ikiwa nyuzi 22, bado haijapimwa kwa Juni. Itabidi irudi majini wakati gati la watalii ni tupu, boti imejaa barafu na samaki, saa nane za mchana.